Betri Iliyopumzika Haisemi Kweli

Gitega, Kigali. Jumapili, 2 Oktoba 1994

Mvua imeanza na mimi nimeanza kuandika, maana kwenye chumba chenye kitanda kimoja, wapangaji wawili na balbu isiyowaka hakuna starehe nyingine. Umeme umerudi katika baadhi ya mitaa. Sisi huku bado tunausikia kwenye maongezi tu.

Mimi ni Lillian, Mnyarwanda niliyezaliwa na kukulia Karagwe. Nilifundisha fizikia Bukoba, na Agosti hii nikaja kuiona nchi ambayo baba yangu aliisimulia mpaka akafa. Kinyarwanda changu kinawachekesha hata watoto wa chekechea. Ninalala chumba kimoja na Annick, muuguzi aliyekulia Bujumbura. Annick anaongea mchana, jioni, na akisinzia anaendelea pale alipoishia.

Mwenye nyumba wetu ni Mama Gaudiose. Yeye hakurudi kutoka popote. Alikuwa hapa hapa. Anakaa nyumba ya mbele, sisi tuko vyumba vya uani. Ni mwanamke mrefu, wa makamo, anayeitikia salamu kwa kichwa. Ana radio kubwa ya mbao, na jana nilimbishia hodi nikamwomba atuwekee muziki kidogo, siku iishe vizuri.

"Radio si ya ngoma, mwarimu," akasema kwa lafudhi ya hapa, akarudisha mlango.

Nimemhesabu katika wachoyo.

Jumanne, 4 Oktoba

Shule imefunguliwa. Madawati yapo, vioo vya madirisha havipo, na mvua inaingia bila kuomba ruhusa. Mkuu wa shule ni Bwana Jean-Berchmans, aliyekulia Burundi. Anavaa tai hata kama miguuni ana matope hadi kwenye magoti.

Wanafunzi waliotoka Uganda wananiuliza maswali kwa Kiingereza, waliotoka Burundi kwa Kifaransa, na waliokuwa hapa hapa kwa Kinyarwanda. Ninawajibu wote vibaya. Tukishachoka tunaangukia Kiswahili, ambacho kila mmoja wao anasema hakijui na kila mmoja anakielewa.

Ijumaa, 7 Oktoba

Mvua. Annick ameuonja ugali wangu na kuuliza kama huko Karagwe tunaujengea nyumba.

Jumapili, 9 Oktoba

Leo nimeona haya.

Nilikuwa nalalamika tena juu ya radio, na Annick kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu akashusha sauti. Mume wa Mama Gaudiose aliuawa Aprili, na watoto wake wawili wa kiume pia. Kabla ya hapo alikuwa amemkabidhi binti yake mdogo, Épiphanie, kwa jirani aliyekuwa anakimbilia kusini. Jirani huyo hajaonekana tena. Kila jioni kuna kipindi cha Kinyarwanda kinachorushwa kutoka nje ya nchi, na humo wanasoma majina ya watoto waliopotea na mahali walipo. Mama Gaudiose husikiliza jina baada ya jina mpaka kipindi kiishe, kisha huzima. Anatunza betri.

Mimi nilimwomba atuwekee nyimbo.

Nilikwenda kumwomba radhi. Kinyarwanda kilinishinda katikati, nikamalizia kwa Kiswahili. Akanisikiliza, akanisogezea kigoda, akanipa uji wa mtama. Hatukuongea zaidi. Kipindi kilipoanza hakuniambia niondoke, nikabaki.

Alhamisi, 13 Oktoba

Sasa ninakwenda kila jioni. Mama Gaudiose anakaa upande wa kulia wa radio, mimi kushoto, na betri ya gari iko chini katikati yetu. Radio yenyewe iliwahi kutumia betri ndogo, zikavuja zikala sehemu yake, ndiyo maana imefungwa kwenye hii kubwa.

Leo sauti ilianza kukwaruza. Nikaibeba betri kwa Bruce aliyemuuzia.

Huyu Bruce amekulia Uganda na ana kibanda cha betri hapo chini barabarani, pamoja na pikapu ambayo honi yake inafanya kazi kuliko breki zake. Ana ndevu chache na maneno mengi. Nilimwambia betri yake mbovu.

"Banange, sister! Betri mbovu kwa Bruce?" Alishangaa kwa Kiganda chake, akachukua mita, akagusa vichwa viwili vya betri. "Soma mwenyewe wewe mwalimu. Kumi na mbili na zaidi kidogo. Hii iko na nguvu ya simba."

Nikasoma. Kweli zilikuwa volti kumi na mbili na zaidi kidogo. Akaichaji kidogo, nikarudi nayo kama mtu aliyeshindwa kesi.

Ijumaa, 14 Oktoba

Sauti safi leo. Majina mengi. Jina lenyewe halikuwamo.

Jumanne, 18 Oktoba

Nimefundisha mada ninayoipenda kuliko zote na hakuna aliyeipenda.

Niliwaambia hivi: betri ina namba mbili, na watu huzichanganya kwa sababu zote mbili zinapimwa kwa volti. Ya kwanza ni kani ya kuendesha umeme. Hiyo ni nguvu yote iliyo nayo betri moyoni, na unaipata ikiwa haijafungwa kwenye kazi yoyote. Ya pili ni tofauti ya volti kati ya vichwa vyake wakati inafanya kazi. Hii ndiyo inayofika mlangoni, kwa mtumiaji. Ya pili huwa pungufu kuliko ya kwanza, kwa sababu umeme ukitoka unalazimika kwanza kupita ndani ya betri yenyewe, na ndani humo kuna ukinzani unaokula sehemu yake. Kadiri unavyovuta umeme mwingi, ndivyo unavyoliwa zaidi. Betri ikichakaa, ukinzani wa ndani unakua.

Mutsinzi, ambaye hukaa nyuma na kuuliza kama hakimu, akanyoosha mkono. "Mwarimu, kama zote ni volti, hii tofauti inasaidia nani?"

"Inakusaidia wewe kufaulu mtihani," nikasema.

Darasa likacheka. Yeye hakucheka, na kusema kweli jibu langu lilikuwa la kivivu.

Ijumaa, 21 Oktoba

Mvua tangu asubuhi. Jina halikuwamo.

Jumanne, 25 Oktoba

Jina halikuwamo. Sauti ilififia tena mwishoni. Nikampelekea Bruce betri, akaichaji, akapima: kumi na mbili na zaidi. Akaniuliza kama siku hizi ninakuja kwa ajili ya betri au kwa ajili yake. Nikamwambia debe tupu haliachi kuvuma.

Mama Gaudiose ameanza kuniita "mukobwa wanjye", yaani binti yangu. Alilisema huku akinikabidhi ndizi za kumenya, kwa hiyo huenda alitaka tu kazi ifanyike. Hata hivyo nililala vizuri.

Jumanne, 1 Novemba. Watakatifu Wote

Sitaki kulala kabla ya kuliweka hili kwenye karatasi jinsi lilivyokuwa.

Asubuhi tulikwenda misa. Mama Gaudiose aliwasha mishumaa mitatu, akarudi nyumbani amechoka. Jioni mvua ikafunguka, ile mvua ya Kigali inayoshuka kama imetumwa. Kwenye mabati ya nyumba yake ilikuwa kelele tupu. Tulikuwa watatu, Annick naye alikuwepo.

Nami kwa busara zangu nilikuwa nimeleta balbu ya taa ya nyuma ya gari. Niliiomba kwa Bruce, nikaifunga kwenye betri ile ile ya radio. Nia yangu ilikuwa nzuri: nilitaka mwanga, ili jina likitajwa niandike mahali mtoto alipo bila kukosea. Nilijisifu hata. Kabla ya kuanza nilipima betri kwa mita niliyoazima kwa Bruce. Kumi na mbili na zaidi kidogo. Nikamwambia Mama Gaudiose, "Leo iko imara." Mimi, mwalimu wa fizikia.

Kipindi kikaanza. Mvua ikawa inashinda sauti. Mama Gaudiose akaongeza sauti. Mvua ikazidi, akaongeza tena mpaka mwisho. Balbu yangu ikawa inapunguza mwanga kila mtangazaji anapopaza sauti, nikaiona, nikafikiri ni nyaya zimelegea.

Ndipo mtangazaji akasema, "Épiphanie," mvua ikafunika maneno mawili matatu, "wa Gitega mjini Kigali, anamtafuta mama yake Gaudiose. Yuko..."

Radio ikakoroma, ikanyamaza.

Sijawahi kusikia mvua kubwa kama ile iliyobaki. Mama Gaudiose aliishika radio kwa mikono miwili kama mtu anayemtikisa mgonjwa. Annick alikuwa anapiga kelele. Mimi nikang'oa waya wa balbu, sijui kwa nini, pengine mikono yangu ilijua kabla ya kichwa. Na radio ikarudi! Ikarudi safi kabisa, ikisema jina la mtoto mwingine, wa Kibuye, anayemtafuta babu yake.

Épiphanie alikuwa ameshapita.

Nikagusa vichwa vya betri kwa mita. Sindano ikapanda taratibu, ikatulia kwenye kumi na mbili, haina habari, kama vile si yenyewe iliyotuangusha.

Mama Gaudiose aliitazama mita, akaitazama betri, akanitazama mimi. Hakukasirika, na ningependelea akasirike.

"Yuko hai," akasema. "Mwarimu, umesikia? Yuko hai." Halafu akakaa chini sakafuni. "Lakini iko wapi? Iko wapi mtoto yangu?"

Nililia mbele yake. Annick alitushika wote wawili.

Jumatano, 2 Novemba

Nimekwenda kwa Bruce kabla hajafungua kibanda. Nilikuwa nimejiandaa kumtukana kwa lugha zote nne.

"Betri yako imekata pale pale jina la mtoto lilipotajwa," nikamwambia.

Akapauka. Akakimbilia mita, akapima mbele yangu: kumi na mbili. "Lakini tazama, sister. Iko nzima. Wallahi, mimi sikudanganyi. Hivi ndivyo wanapima Kampala, hivi ndivyo napima zote."

Nikataka kusema kitu kikali, nikakumbuka kwamba jana nami nilipima vile vile. Nikaichukua balbu ya taa ya mbele ya gari kutoka kwenye rafu yake, nikaifunga kwenye betri ikawaka, nikamwambia, "Sasa pima ikiwa kazini."

Sindano ikaanguka hadi tisa, ikaendelea kuteremka kidogo kidogo kuelekea nane.

Bruce aliinamia mita, akagonga kioo chake kwa kidole. Nikamweleza yale yale niliyowaeleza wanafunzi: unapima ikiwa imepumzika, unaona kilichomo moyoni. Mwenye radio hapati cha moyoni, anapata cha mlangoni. Betri zilizochakaa zote zina kumi na mbili zikiwa zimekaa. Balbu yangu na sauti ya juu vilivuta pamoja, ukinzani wa ndani ukala, radio ikabaki na njaa.

"Basi nimewauzia watu namba," akasema polepole.

Nilitarajia ajitetee. Badala yake akaanza kushusha betri zote kutoka kwenye rafu na kuziweka chini, na wateja walipokuja akawaambia leo hauzi. Nilikuwa nimemfikiria tapeli. Alikuwa hajui, na sasa ilimuuma sana.

Kuna tumaini: Jumamosi jioni kipindi hurudia majina ya juma zima. Nimeuliza majirani kama kuna aliyesikia jana. Kwa mvua ile, kila mtu alikuwa anakinga ndoo mahali panapovuja. Jean-Berchmans ana radio nzuri ya kushika masafa mafupi, akamkaribisha Mama Gaudiose akasikilizie kwake. Mama akakataa.

"Mtoto yangu akiniita, anikute kwangu."

Nikambembeleza. Annick akambembeleza. Tungeweza kuibembeleza pia ile nguzo ya mlango.

Alhamisi, 3 Novemba

Siku nzuri kuliko zote tangu nifike nchi hii.

Nilimwomba mkuu wa shule nichukue darasa zima, nishuke nalo hadi kwa Bruce. Jean-Berchmans akavuta tai yake.

"Mademoiselle Lillian, somo la fizikia linafanyikia darasani. Ndiyo kanuni."

"Darasani hakuna betri, Bwana mkuu. Hakuna hata kioo."

Akafikiri. Akakohoa. Mwishowe akasema atakuja mwenyewe kusimamia nidhamu, na dakika chache baadaye nidhamu ilikuwa imepiga magoti kwenye matope imeshika balbu.

Betri zilikuwa zimejaa uwanja wa Bruce. Kila betri ilipimwa imepumzika, kisha ikafungwa taa ya gari, ikapimwa tena ikiwa kazini. Zikiwa zimepumzika zote zilikuwa kumi na mbili, utadhani zimeagana. Zikitiwa kazini zikaanza kujitaja moja moja: hii tisa, ile kumi, nyingine taa ikawaka rangi ya karoti ikazima. Wanafunzi walikuwa wanazizomea. Mutsinzi ndiye aliyekuwa anasoma mita, na ilipofika betri iliyobaki juu ya kumi na moja alipiga ukelele hadi mama mmoja akatoka kwake kuuliza nani amezaliwa.

Tulipata mbili tu zinazoaminika. Bruce akazitia alama ya rangi nyeupe. Zilizobaki akaziandikia kwa chaki, kwa mkono wake, "Mbaya".

"Mwarimu," akasema Mutsinzi tulipokuwa tunarudi, "sasa najua inasaidia nani."

Nikamwambia hata mimi nimejua juzi tu.

Ijumaa, 4 Novemba

Maandalizi. Tutazifunga betri mbili bega kwa bega, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi. Volti hazitaongezeka, zitabaki kumi na mbili, lakini kila moja itabeba nusu ya mzigo na ukinzani wa ndani utapungua. Annick aliuliza kwa nini tusizipange mkia kwa kichwa tupate ishirini na nne. Nikamwambia radio ya Mama Gaudiose itaimba mara moja tu, kisha ifuke moshi.

Ndani ya betri hizo maji yalikuwa yamepungua. Ya kisima yana chumvi, yanaziharibu. Mama Gaudiose akatega sufuria safi katikati ya ua, mbali na mabati, tukajazia maji ya mvua. Angalau mvua hii imefanya jambo moja la maana. Bruce alikwangua vichwa vya betri kwa maji moto na brashi ya waya mpaka vikang'aa. Aliongea kidogo sana. Nilijikuta nangoja aongee.

Jumamosi, 5 Novemba

Kulipambazuka kweupe, jua kali. Nikamshukuru Mungu mapema mno. Alasiri mawingu yalikuja kutoka upande wa Nyamirambo, na kabla ya saa kumi na moja ilikuwa inanyesha.

Nikasimama uani nimelowa, nikifikiri. Betri zetu ni nzuri. Lakini kelele ya mabati itamfanya Mama aongeze sauti mpaka mwisho, na sauti kubwa ndiyo inayovuta umeme. Tulikuwa tumeshughulikia betri tukaisahau mvua.

"Hatuwezi kunyamazisha mvua," nikamwambia Bruce.

Akatazama juu. "Mvua hapana. Mabati ndiyo."

Akapanda. Sijui alipandaje, kwa pipa na dirisha, akaanza kupaza sauti apewe magunia. Majirani wakatoka. Kwanza waliuliza huyu Mganda ameingiwa na nini, na walipoambiwa ni kwa ajili ya mtoto wa Gaudiose hakuna aliyeuliza tena. Yakaja magunia ya makaa, mikeka, majamvi. Wanafunzi wangu wakatokea, sijui nani aliwaita. Godoro la nyasi likapita mbele ya macho yangu likipandishwa juu.

"Lile si letu?" akauliza Annick.

Lilikuwa letu.

Jean-Berchmans alikuwa amesimama chini, ameshika ngazi, tai imemganda kifuani. Nikamvuta Annick pembeni, nikamtuma akae kwa mke wa Jean-Berchmans na kalamu mbele ya radio yao, kwa siri, Mama asijue. Naamini fizikia, lakini tahadhari kabla ya hatari.

Ndani kukawa na utulivu wa ajabu. Mvua ilikuwa inadunda juu ya magunia kwa sauti ya chini kama mtu anayepepeta unga chumba cha pili. Tukazima kila kitu. Hakukuwa na balbu, niliwasha mshumaa. Nilifunga mita kwenye vichwa vya betri na kuiacha hapo, ili nione volti za kazini, zile zinazofika mlangoni. Mama Gaudiose kulia kwa radio, mimi kushoto, Bruce amelowa mlangoni, na nyuma yake mtaa mzima umejaa uani kwenye mvua bila hata mmoja kukohoa.

Kipindi kikaanza. Sindano: kumi na mbili kasoro kidogo.

Majina ya Jumatatu. Majina ya Jumanne. Mtoto wa Kibuye anayemtafuta babu yake alisomwa kabla, nikadhani wamempita Épiphanie. Mama Gaudiose alikuwa ameshika ukingo wa kigoda. Sindano ilikuwa kumi na moja na nusu, na haikutikisika.

"Épiphanie, umri miaka kumi, wa Gitega mjini Kigali, anamtafuta mama yake Gaudiose. Yuko kituo cha watoto karibu na Butare."

Yote. Kila neno. Na mtangazaji akaendelea na mwingine, kwa sauti ile ile ya kawaida.

Nilitaka kupiga kelele lakini nilikuwa namtazama yeye. Hakulia. Alikuwa anahesabu kitu kwa vidole.

"Amesema miaka kumi," akasema. "Alikuwa tisa alipoondoka. Kumi ametimiza Agosti." Akanigeukia. "Mwarimu, amehesabu mwenyewe."

Hapo ndipo Bruce akaanza kulia, kwa sauti, mbele ya watu wote, na uani kukalipuka vigelegele. Katikati ya vigelegele Annick akaja anakimbia, kiatu kimoja mguuni, kingine sijui wapi, karatasi imelowa mkononi, anapiga kelele, "Butare! Jamani, ni Butare!" Tukacheka mpaka tukashindwa kusimama. Mama Gaudiose alimkumbatia Annick, akamshukuru kama ndiye aliyeileta habari.

Nikanyoosha mkono kuzima radio, kutunza betri. Mama akaushika mkono wangu.

"Wacha," akasema. "Kuna wengine bado wanasikiliza."

Na kweli. Mwanamke mmoja wa mtaa wa chini, ambaye simjui jina, alikuwa amesogea mpaka mlangoni akitega sikio. Mama Gaudiose akampisha kigoda chake.

Jumapili, 6 Novemba

Godoro letu limelowa kiasi cha kufugia samaki. Tumelala kwenye mkeka wa Mama Gaudiose. Annick anadai fidia.

Jumatatu, 7 Novemba

Wameondoka alfajiri kwenda Butare, Mama Gaudiose na Bruce, kwa pikapu. Bruce amekagua breki. Ameniomba, kwa adabu ambayo sikuitegemea, nimuangalizie kibanda, na mtu asiuziwe betri yoyote iliyoandikwa kwa chaki. Kabla ya kupanda gari aliniuliza kama nitakuwepo akirudi.

"Nitakwenda wapi kwenye mvua hii?" nikamjibu.

Nafikiri nimejibu vibaya. Nafikiri ameelewa vizuri.

Jumanne, 8 Novemba

Hawajarudi. Nimemwaga wino, nimeunguza maharage, nimempa Mutsinzi alama za mtu mwingine.

Jumatano, 9 Novemba

Tulisikia honi kabla ya kuona gari. Pikapu haiwezi kufika mlangoni kwetu wakati wa mvua, inabidi iachwe juu, kwenye barabara kubwa, na watu washuke kwa miguu. Mtaa wote ukapanda.

Bruce aliteremka kwanza, macho mekundu, anacheka. Halafu Mama Gaudiose. Halafu msichana mwembamba mwenye miguu mirefu, gauni la msaada linalomzidi, nywele zimenyolewa. Alisimama akatutazama wote tuliojaa pale, watu asiowajua, tunaoongea Kinyarwanda cha kila nchi. Nilidhani ataogopa. Akamtazama mama yake tu, kana kwamba sisi wengine ni miti.

Njia ya kushuka ilikuwa tope. Mama Gaudiose akafungua kitenge chake, akainama, akampa mgongo.

"Mama, hapana," akasema Épiphanie. "Mimi mkubwa."

"Panda."

Akapanda. Mama akamfunga kitenge kama anavyofungwa mtoto mchanga, akasimama, akayumba kidogo, akaanza kushuka. Miguu ya msichana ilikuwa inaning'inia karibu iguse tope, kiatu kimoja kikadondoka, Bruce akakiokota. Watu walianza kucheka, na Épiphanie naye akacheka kwa aibu, akaficha uso kwenye shingo ya mama yake.

"Mama, nishushe. Watu wanatuona."

"Waache waone," akasema Mama Gaudiose, akaendelea kushuka.